Udongo Uliomfuata Melkiori Kihambani

Nyie mnaoingia msituni na chenso zinazowaka kwa kuvutwa mara moja, mmekuja kuniuliza kazi ya magogo ilikuwaje zamani. Na soda mmeniletea. Asanteni sana. Lakini kama mlitegemea niwaambie kwamba sisi wa zamani tulikuwa watu wema na nyie ndio mmekuja kuharibu, soda yenu imepotea bure. Mjinga mkuu wa habari hii ni mimi mwenyewe, Gaudensi, mtu wa Kirua Vunjo, msimamizi mstaafu wa uvunaji katika shamba la miti lililoko juu ya vijiji vyetu. Miaka zaidi ya thelathini nimekula jasho la kule. Nina goti moja bovu, vidole tisa, na maneno mengi.

Kidole kilichobaki huko msituni kina habari yake, tukiache kipumzike.

Ukimuuliza mtu wa ofisini kuvuna miti ni nini, atakwambia ni kukata. Uongo mtupu! Kukata hata mlevi anaweza, na nimefanya kazi na walevi waliokata vizuri kuliko mimi nikiwa na akili zangu zote. Shughuli inaanza mti ukishalala. Gogo liko juu mlimani, lori liko chini barabarani, na katikati yao kuna udongo. Utalipitisha wapi? Lini? Kwa namna gani? Nyie mkiulizwa hivyo mnatazama saa. Mimi pia nilikuwa natazama saa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Melkiori. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, anatembea pekupeku msituni mpaka siku ya ukaguzi, ndipo anavaa buti za shirika na kuchechemea kutwa nzima. Trekta hatukuwa nayo. Tuliburuta magogo kwa maksai wawili walionunuliwa mnada wa Kwa Sadala, na Melkiori ndiye aliyewapa majina: mmoja Meneja, mwingine Mhasibu. Sasa fikiria meneja mwenyewe, yule wa miguu miwili, amekuja kukagua na wageni wake, halafu Melkiori anapaza sauti kutoka kwenye mteremko, "Meneja, acha uvivu! Meneja, utapigwa wewe!" Wageni wanatazamana. Melkiori uso mkavu kabisa. Tulikuwa tunajificha nyuma ya magogo tukicheka hadi mbavu zinauma.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga nira, Melkiori alichota konzi ya udongo kwenye njia tutakayopita, akaukamua mkononi, kisha akafungua vidole. Ukimomonyoka, anasema twende. Ukibaki donge, na alama za vidole zimekaa juu yake, anautupa, anakaa kwenye kisiki na kutoa kiko. Siku hiyo hakuna kuburuta. Mtakata, mtafyeka, mtanoa misumeno, ila gogo halitembei. Masika moja tulikaa wiki nzima hivyo, nami kijana damu inachemka.

"Mzee," nikamwambia, "tutaonekana wavivu."

"Nani atakuona, nguchiro?"

"Udongo ni udongo tu, meku," nikamwita mzee kwa lugha yetu. "Umekanyagwa tangu Adamu."

Akanitazama kama anatafuta mahali pa kunipiga. Akasema, "Huu una vyumba ndani. Vidogo, huvioni. Hewa inalala humo, maji yanalala humo, mzizi unapita humo. Ukiupitishia gogo umelowa, umebomoa vyumba vyote kwa siku moja. Halafu utapanda mche juu yake, useme mbegu ilikuwa mbaya."

Nikaitikia ndiyo mzee. Moyoni nikasema mzee huyu anataka tu kuvuta kiko.

Mengine aliyonifundisha nawapa hapa bure, maana chuoni mtauziwa. Gogo usiliteremshe wima hata siku moja, lipitishe mshazari, mlima uukate ubavuni. Njia iwe moja, wote mpite hapo hapo, msitawanyike msitu mzima kama mbuzi waliokatika kamba. Matawi na vilele usichome. Tandaza kwenye njia, gogo lipite juu yake, chini udongo usikandamizwe. Pua ya gogo iinue juu ya kigari cha magurudumu mawili, isilime ardhi. Na ukimaliza usikimbilie nyumbani kunywa mbege. Rudi na jembe, uchimbe matuta madogo ya mshazari kukatiza njia, ili mvua ikija kila tuta litoe maji pembeni. Kazi hii ya mwisho ndiyo watu wote wanaikimbia, kwa sababu lori limeshaondoka na hakuna anayekuona.

Melkiori alistaafu, maksai wakauzwa, trekta ikaja. Nyekundu, mpya, nyuma ina winchi ya kuvutia magogo na waya mrefu kama kutoka hapa hadi kanisani. Nikafanywa msimamizi. Ah, mngeniona! Nilinunua kofia. Nilianza kuongea na watu nikiwa nimeshika kiuno. Melkiori alikuja siku moja kuiangalia trekta, akaizunguka mara mbili, akauliza swali moja tu: "Inajua kukamua udongo?" Tukacheka, tena mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote. Mwaka uliofuata alifariki. Jeneza nililibeba mimi na wenzangu wa msituni, tukamzika kihambani kwake, shamba la nyumbani, kama ilivyo desturi yetu, kati ya migomba na kahawa, hatua chache chini ya mfongo.

Kwa mgeni asiyejua, mfongo ni mfereji wa maji tuliorithi kwa mababu. Unatoka kwenye kijito msituni na kushuka kijijini, na kila kihamba kina zamu yake. Kihamba cha Melkiori kilikuwa cha kwanza kupata maji ukitoka juu. Mjane wake, Mama Filomena, hakuwa na kitu kingine duniani. Kahawa ile, migomba ile, maji yale, na kaburi.

Sasa mwaka uliofuata tukapewa kitalu namba kumi na moja. Meneja alitaka magogo yote yafike barabarani kabla masika haijafunga njia ya malori. Tulichelewa kuanza, na sababu ya kuchelewa ni mimi: waya wa winchi ulikatika kwa sababu niliuzidishia mzigo nikitaka sifa mbele ya wageni. Mpaka waya mwingine ufike, mawingu yameshajaa. Mvua ikaanza kunyesha, sisi tumelaza miti kitalu kizima na hakuna gogo hata moja chini.

Nikatafuta njia. Ya mshazari ingechukua siku nyingi kuitengeneza. Halafu nikaona kitu nikajiona nina akili kuliko watu wote wa mkoa huu. Mfongo ulikuwa na kipande cha juu kilichoachwa tangu zamani, baada ya wazee kuhamisha mahali pa kuchukulia maji. Kikavu, kipana, kimenyooka kushuka mlima. Barabara ya bure! Gogo likiingia mle linateleza lenyewe, trekta kazi yake ni kusukuma kidogo tu. Kule chini kilikoishia, karibu na barabara ya malori, kuna kona, na baada ya kona ndio unaanza ule mfongo unaotumika. Kona hiyo niliiona. Nikasema maji yatajua yenyewe pa kwenda.

Na niwaambie ukweli wote, maana nimeshazeeka na aibu imepungua. Asubuhi ile, kwa mazoea tu, niliinama nikachota udongo nikaukamua. Nikafungua mkono. Donge. Alama za vidole vyangu zote zimekaa pale, nadhifu. Nikalitupa nyuma yangu, nikafuta mkono kwenye suruali, nikamwambia dereva, "Washa."

Tulimaliza kwa siku tisa. Melkiori na maksai wake wangechukua miezi. Meneja alinishika mkono mbele ya watu, wenzangu wakanipa jina, Greda, nami nikalipenda jina hilo kijinga kabisa. Matuta ya kutoa maji? Nani aliyekuwa na muda wa matuta! Njia yenyewe ilikuwa imebaki mtaro wa kufika kiunoni, kuta zake zinang'aa kwa kusuguliwa na magogo.

Haikupita wiki, ikanyesha ile mvua yetu ya mlimani, isiyouliza. Asubuhi nimekaa nakunywa chai, nasikia naitwa kutoka barabarani: "Greda! Kwa Mama Filomena! Njoo uone!" Sikumalizia chai.

Yesu na Maria. Mtaro wangu ulikuwa umekusanya maji ya kitalu kizima, ukayaelekeza kwenye mfongo kama mtu aliyepanga makusudi. Mfongo ukajaa, ukapasuka juu ya kihamba. Tope jeusi, ule udongo wa juu wa msituni ulio mzuri kuliko wote, lilikuwa limelala kwenye kahawa hadi nusu ya miti. Ndani yake kuna majani ya paina, magome, na vumbi la misumeno yetu. Migomba imelala. Na kaburi la Melkiori halipo. Kilichoonekana ni ncha ya msalaba tu, kama kijiti cha mtu aliyepima kina.

Mama Filomena alikuwa amesimama kando, kanga ameikaza kifuani. Hakulia, hakunitukana. Ningependa sana anitukane. Nilijisikia mchafu, vijana.

Nikarudi nyumbani nikafanya linalofanywa kwetu. Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikarudi nalo. Nyie mliokulia mjini pengine mnaona isale ni mmea wa kupamba ua. Kwetu ukimkosea mtu ukamletea isale, hawezi kukataa kukusamehe. Na hapo napo nilikuwa mjanja, nakiri: nilijua hawezi kukataa. Nilikuja na jani kama mtu anayekuja na risiti.

Mama Filomena alilipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea," akasema. "Yameisha."

Nikashusha pumzi. Nikaanza hata kutafuta maneno ya kuaga.

"Sasa tuongee habari ya udongo," akasema. "Huu si wa hapa. Ni wa huko juu, mali ya meneja wako. Urudishe."

"Mama, nitaleta vijana tuusukume pembeni..."

"Pembeni ni kwa nani? Kwa jirani? Nimesema urudishe ulikoutoa." Akaingia ndani, akatoka na debe.

Nilidhani anatania. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kupukuchua maharage. Basi nikajaza debe, nikajitwika, nikapanda. Mlima ule nilikuwa nimeupanda mara elfu na sikuwa nimejua una urefu gani. Tope linavuja shingoni, goti linalia, nafika kwenye mtaro wangu namwaga, nageuka nyuma, naona debe langu limepotea mle kama sikuleta kitu. Nashuka. Mama Filomena ananitazama, anaangalia tope, anasema, "Bado." Napanda tena.

Watu walikuja na majembe, kijiji kizima, msaragambo wa kuzibua mfongo, maana vihamba vyote vya chini navyo vilikuwa havina maji. Wakaniona napanda na debe kichwani. Mngesikia kelele! "Greda linapanda! Mpisheni Greda!" Akina mama wakapiga vigelegele. Nikazidi kupanda.

Siku ya tatu ikanyesha, na nusu ya udongo niliopandisha ikashuka tena. Nilikaa kwenye tope nikataka kukimbia nchi. Mama Filomena akaniuliza, mpole kabisa, "Uliumwaga mtupu?" Nikasema ndiyo. "Melkiori hakukufundisha kuweka matawi kwanza?" Alinifundisha. Alinifundisha yote, jamani, ndio ubaya wenyewe. Basi nikaenda kukata vigingi, nikavipigilia kukatiza mtaro, nikasuka matawi katikati yake, ngazi baada ya ngazi. Ndipo nikaanza kumwaga udongo nyuma ya kila ukingo, nao ukatulia. Jumamosi tulifikia kaburi. Nililisafisha kwa mikono.

Kahawa hazikupona. Mizizi ilikosa hewa chini ya tope, zikanyauka moja moja hadi kiangazi. Nilimpandia nyingine, nami nikawa mtu wa kuzipalilia. Mama Filomena hakulitaja jambo lile tena hata mara moja, wala hakuniacha nisahau. Kila nikienda alinipa chai ya maziwa na kuniuliza, "Huko juu kunaendeleaje?"

Huko juu kulikuwa kunaendelea hivi. Tulipanda paina upya kitalu kizima, siku moja, miche kutoka bustani moja, mikono ile ile. Kwenye njia yangu mtaimbo ulikuwa unagonga na kurudi. Miche mingine yote ikapanda juu ikatuzidi. Ile ya kwenye njia ikabaki kimo cha kifuani mwaka hata mwaka, ya njano, inaning'inia. Uking'oa mmoja, unakuta mizizi imetandaa juu juu kama chapati, haikupata pa kuingia. Nilistaafu nikaiacha hivyo.

Sasa mwaka huu kitalu namba kumi na moja kimekomaa tena. Msimamizi wake ni kijana anaitwa Inosenti. Amekulia Rau, ardhi tambarare ile, maji yakimwagika yanakaa hapo hapo yanakusubiri. Kijana msomi, mwenye heshima, na ana kindege cha kupiga picha kutoka juu. Akanifuata nyumbani na picha zake.

"Mzee, samahani, nataka kukuuliza. Ona hapa, katikati ya kitalu kuna mstari umenyooka kushuka, miti yake imedumaa kabisa. Tumepima, hatuelewi. Wengine wanasema ni fangasi, wengine mchwa. Huu ugonjwa ulikuwepo wakati wenu?"

"Ulikuwepo," nikamwambia. "Unaitwa Gaudensi."

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki, akaacha. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, halafu akasema jambo lililonitoa jasho. "Basi mzee, hiyo ni nzuri kwetu. Kanuni inasema tutumie njia ya zamani, tusiharibu ardhi mpya. Kwa kuwa hapo pameshaharibika, tutaburuta hapo hapo. Mvua zimekaribia, mashine nimekodi kwa siku."

Na kanuni ni ya kweli! Melkiori mwenyewe angesema njia iwe moja. Ila kanuni haijui kwamba njia ile inaishia kwenye mdomo wa mfongo. Nikabishana naye, akanijibu kwa heshima zote, poa mzee, nimekuelewa mzee, na nikaona wazi kwamba hajanielewa, kwa sababu sura ile ilikuwa yangu. Nikachukua fimbo. "Twende," nikamwambia, "nikuonyeshe njia inaishia wapi."

Tukashuka nayo yote. Ngazi zangu za vigingi zimeoza, mtaro upo. Tukatokea kihambani kwa Mama Filomena. Amezeeka sasa, haoni vizuri, alikuwa ameketi uani anaota jua.

"Nani huyo uliye naye?"

"Ni kijana wa magogo, mama. Anaitwa Inosenti."

"Shikamoo bibi," Inosenti akasema.

"Marahaba. Utapitisha wapi?"

Kijana akanitazama. Akaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba kwenye njia ya zamani. Mama Filomena akanyoosha mkono akatafuta bega lake, akaligeuza taratibu kuelekea kwenye kahawa.

"Pale ni mume wangu. Kulia kwake nimeshawaonyesha wanangu, ni mahali pangu, na si mbali. Padri atanizika mara moja. Wewe usije ukanizika mara ya pili."

Inosenti alilitazama kaburi. Picha zake zilikuwa mkononi, hakuzitazama. Mwisho akasema, "Bibi, nipe siku mbili." Akapanda mlima bila kuniaga.

Akaichora njia upya, mshazari, mbali na mfongo. Siku mbili zikawa tano, mashine imesimama inakula kodi, na meneja wa sasa akamsema mbele ya watu wake kwamba amemwajiri kuvuna, si kusuka mikeka. Maana ndivyo ilivyoonekana, wanatandaza matawi kutwa. Nilipanda mara mbili kumwona. Mara ya pili nilimkuta ana jembe, anachimba matuta, na lori lilikuwa limeshaondoka.

Jumatatu iliyopita ikanyesha ile yenyewe. Nilisikia bati linavyopigwa, nikajua ndiyo hii, ile isiyouliza. Kulipopambazuka nikachukua fimbo nikaenda kwenye mfongo, juu ya kihamba cha Mama Filomena, mzee mzima ninaogopa kutazama mfereji. Nilimkuta Inosenti amefika kabla yangu. Amepiga magoti kwenye ukingo, suruali yote tope, mkono ameutumbukiza kwenye maji mpaka kwenye kiwiko, anautazama humo ndani.

"Ni meupe," akaniambia. "Mzee, njoo uone. Ni meupe."

Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi mbichi, nikalia.